Nilisema tuliwakimbilia wenye bunduki: "to" na "from" zilivyonichanganya kwenye interview

Wakuu, amani iwe kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, siongezi chumvi.

Mimi ni Mrundi, fundi cherehani pale Base Camp. Mwezi uliopita mimi na mke wangu Odette tuliitwa interview ya ukimbizi, tueleze tulivyokimbia nyumbani.

Mkalimani alikuwepo. Mimi nikajifanya msomi: "No need. I speak English."

Odette akanivuta shati. Nikamtoa mkono.

(Kiingereza chenyewe ni cha redio na cha wateja.)

Nikaanza vizuri. Nilipofika pale wenye bunduki walipoingia kijijini, nikasema, "We ran to them."

Afisa, mama mmoja mpole, akaacha kuandika.

"You ran to them?"

"Yes, madam. Very fast!"

Akauliza baadaye ikawaje. Nilitaka kusema walituacha. Nikasema, "They left with us."

Uso wake ukabadilika. Akatuambia turudi baada ya wiki mbili.

Odette hajui Kiingereza. Njiani akawa ananiuliza, "Umesema nini mule ndani?" Nikamjibu, nimesema ukweli.

Wiki ile nikaenda mjini Mbarara kununua vitambaa. Pale mtaa wa Ruti nanunua kwa Hajati Sauda, mwalimu mstaafu. Nikamrudia maneno yangu yote. Akashika mdomo.

"Banange! Wewe alisema mulienda kwa hao watu, halafu muliondoka pamoja nao!"

Nikamwuliza kosa liko wapi.

Akanieleza: "Swahili yako inaficha mutu ndani ya kitendo. Niliwakimbia, niliwakimbilia. English inatoa yeye nje, inaweka nyuma. Ran from them. Ran to them. Hako kaneno kadogo ndiyo kanasema ulienda wapi."

"Na left?"

"Left us. Hapo hakuna kaneno."

"Kwa nini hapo hakuna?"

"Hakuna tu!"

Wakuu, nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Looked at them, ina at. Saw them, haina. Waited for them, ina for. Met them, haina. Halafu ni them, si they. Nani aliamua?

Siku ya kurudi niliomba mkalimani. Akatusomea maelezo yangu kwa Kirundi.

Odette kusikia kwamba tuliwakimbilia watu waliomuua kaka yake, akanitazama kama hanijui. Akalia.

Nikaeleza yote upya, kwa Kirundi. Afisa akasikiliza mpaka mwisho, akakata ya zamani, akaandika: We ran from them. They left us.

"Sikuelewa," akasema kupitia mkalimani, "ndiyo maana niliwaita tena."

Tukasaini. Faili linaendelea.

Tukafika nyumbani. Odette akavua kitenge alichojitanda, akaniambia, "Ukiulizwa tena habari za kaka yangu, sema kwa lugha unayoijua."

Hilo ndilo funzo, sina la kuongeza.

Walimu mliomo humu, nisaidieni: mnajuaje kaneno kanakaa wapi, na wapi hakakai? Na kama kuna mwingine aliyewahi kuponzwa hivi, aandike, nisijione peke yangu.