Punda wa Ndugu Gachanja

Wamboi wa Wainaina hakuwa mtu wa kulalamika, na pengine hilo ndilo lililomponza. Mtu mlalamishi watu humwogopa kidogo. Mtu mvumilivu humpanda mgongoni. Miaka ile emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, ilikuwa imeanza kulegea, na watu walikuwa wamezoea kuishi wamerundikwa vijijini kama magunia ghalani. Yeye alikuwa mjane wa kijiji cha Gitothua mwenye binti mmoja, Ngendo, na riziki yake ilitoka kwenye mto Ruiru. Alichota maji akayapandisha hadi kwenye hoteli za chai kule madukani, mtungi wa bati mgongoni, mkanda wa ngozi umekazwa juu ya paji la uso, kama walivyobeba mama yake na nyanya yake. Mkanda ule ulikuwa umemchimbia mfereji kichwani. Hata akijifunga kitambaa, ulionekana.

Mfereji huo aliuchukia kuliko umaskini wenyewe. Ngendo alikuwa bado shuleni, kichwa laini kama yai, na Wamboi alikuwa ameapa moyoni, ingawa watu wa dini yake hawaapi, kwamba mkanda hautakigusa kichwa kile. Tatizo ni kwamba mgongo wake ulikuwa umechoka. Asubuhi nyingine hakuweza kuinuka bila kushika ukuta. Naye Ajwang, mwenye hoteli karibu na stesheni, ambaye ndiye aliyekuwa mteja wake mkubwa, alimweleza bila kuzunguka.

"Mama, wateja yangu wameongezeka. Hii maji ya mtungi moja moja haitoshi. Tafuta punda na mkokoteni, kazi itabaki yako. Ukikosa, mwezi ukiisha nitampatia mtu ingine."

Basi ikawa ni punda, au Ngendo aache shule aje abebe na mama yake. Njia ya tatu haikuwepo.

Sasa lazima nikueleze kuhusu Gachanja, maana bila kumjua utamwona Wamboi mjinga, na mjinga hakuwa. Wamboi alikuwa wa ushirika, wale waliookoka, na watu wa ushirika walikuwa na desturi moja ambayo wengine waliicheka: hawakufichana kitu. Mtu akiiba mahindi, akimtukana mkewe, akiitamani baiskeli ya jirani, Jumapili alisimama mbele ya wenzake akayataja yote. Akirudisha alichoiba, wakamkumbatia na kuimba. Hilo waliliita kutembea nuruni. Haya, niambie wewe, katika nchi iliyokuwa imejaa makachero na viapo na watu wa kunong'ona, ungemwamini nani kama si mtu asiyejua kuficha?

Na Gachanja wa Kalimoni hakuwa ndugu wa hivi hivi tu. Usiku wapiganaji wa msituni walipokuja kuwalazimisha watu wa ushirika kula kiapo, yeye na Wainaina, mume wa Wamboi, walikataa pamoja na wakapigwa pamoja. Wainaina hakuweza tena kusimama. Gachanja, yeye mwenyewe akivuja damu, alimbeba mgongoni hadi nyumbani ili afie mikononi mwa mkewe. Jambo kama hilo mwanamke hasahau. Tangu siku ile, Gachanja akisema ni usiku, Wamboi aliwasha taa.

Kwa hiyo aliposikia habari ya Ajwang, Gachanja alimwambia, "Dada, usipeleke pesa yako kwa wale walanguzi wa Thika, watakuchuna ngozi. Mimi niko na punda. Kuja uone."

Wamboi aliuza mbuzi wake wote, hata yule mdogo ambaye Ngendo alimpa jina, akaenda Kalimoni na pesa zimefungwa kwenye pindo la leso, pamoja na kamba mpya. Alimkuta punda dume wa kijivu, kifua kipana, sikio moja limechanika. Gachanja alimfungua punda mdomo ili Wamboi ayaone meno. Akamfunga kwenye mkokoteni uliojaa mawe ya kujengea, na punda akaondoka nao kama anayevuta maganda. Kisha akamletea maji ndani ya debe, na punda akayanywa yote. Gachanja akavua kofia, akamwombea mnyama yule, akaombea na safari. Hakuna muuzaji wa Thika aliyewahi kuombea bidhaa yake namna ile.

Ilipofika wakati wa kukabidhiana, Wamboi alitoa kamba yake. Kwetu, kama kwa Wakamba na wengine wengi, mtu akiuza mnyama hubaki na kamba yake, na mnunuzi huja na ya kwake. Kamba ikitoka, baraka ya boma imetoka nayo. Anayekupa mnyama pamoja na kamba anakuambia, bila kufungua mdomo, kwamba hataki hata harufu ya mnyama huyo irudi kwake.

"Aca, hapana dada," Gachanja akasema akicheka. "Hayo ya kamba ni mambo ya giza. Si sisi tulitoka huko? Mchukue na kamba yake."

Wamboi alikaribia kulia kwa furaha. Aliona imani pale ambapo mwanamke mwingine yeyote wa Gitothua, asiyejua hata kusali, angeona hatari. Laiti angekuwa mpagani siku hiyo moja tu! Mpagani angerudi nyumbani na pesa zake. Yeye alirudi akiimba, punda nyuma yake, na njiani alimshukuru Mungu kwa kumpa ndugu.

Mkokoteni wa zamani aliupata kwa fundi mmoja Thika, pesa nusu, nusu baadaye. Asubuhi ya kwanza Ngendo alimsindikiza mama yake kabla ya kwenda shule. Punda alitembea vizuri kupita nyumba zote. Walipoanza kuteremka, mto ukasikika, naye akasimama. Wamboi alidhani ni ukaidi, maana punda ni punda, akamvuta. Lakini haukuwa ukaidi. Mnyama alikuwa anatetemeka. Masikio yalilala nyuma, macho yalionyesha weupe, na mkojo ukamtoka palepale njiani.

Walijaribu kila kitu. Walimwonyesha miwa, wakamfunga macho kwa leso, wakamsukuma matakoni, na mwishowe Wamboi, Mungu amsamehe, akamchapa kwa fimbo mpaka mkono ukachoka. Wanawake waliokuwa mtoni walipanda kutazama.

"Mama Ngendo," mmoja akauliza, "hii umenunua ni punda ama ni nguzo?"

Walicheka, naye akacheka nao, kwani ungefanyaje? Kesho yake ilikuwa vilevile. Siku iliyofuata punda aligeuka ghafla aukimbie mto, akavunja mti wa mkokoteni, akapanda mlima peke yake kwa mbio ambazo zingempa farasi wivu. Wamboi akarudi kwenye mtungi wake, na Ajwang akapata nusu ya maji aliyotaka.

Aliomba pasi, kile kibali cha kutoka kijijini, akampeleka punda Thika kwa Kisilu, Mkamba mmoja aliyebeba mizigo ya stesheni kwa punda na ambaye watu walimwendea punda akiwa na shida. Kisilu hakuhangaika na meno. Alilitazama lile sikio lililochanika, akapiga ulimi.

"Huyu si punda ya Gachanja wa Kalimoni?"

"Alikuwa wake. Ameniuzia."

"Ya kazi gani?"

"Ya kuteka maji."

Kisilu akamweleza taratibu, kama mtu anayeleta habari ya msiba. Punda yule alikuwa na mwenzake, wakivuta pamoja. Mvua ya mwaka uliopita Gachanja alilazimisha kuvuka mto Ndarugu ukiwa umefurika, na maji yakauchukua mkokoteni na punda wote wawili. Kisilu na wengine waliokuwa ng'ambo walisaidia kuvuta. Mwenzake walimtoa amekufa. Huyu walimtoa hai, amebanwa chini ya mzoga wa mwenzake.

"Tangu hiyo siku hata dimbwi anazunguka. Mawe atabeba, hata kanisa mzima atabeba. Lakini mto, mama, hata umuue hawezi."

"Na Gachanja anajua?" Wamboi akauliza, akiomba ndani ya moyo jibu liwe lingine.

"Mama, si ni yeye alikuwa ameshika hatamu." Kisilu akaangalia pembeni. "Na kamba? Alikupatia kamba pia?"

Wamboi aliishika kamba ileile, akamgeuza punda kuelekea Kalimoni. Njia yote alikuwa akijisemea kwamba lazima kuna maelezo. Mtu hawezi kumbeba mumeo mgongoni kisha akufanyie hivyo. Alitafuta maelezo hayo kama mtu anayetafuta sindano gizani, na kila alipopapasa, alichomwa.

Alipofika Kalimoni, kitu cha kwanza alichoona ni paa. Nyumba ya Gachanja, iliyokuwa ya nyasi siku alipomchukua punda, sasa ilikuwa na mabati mapya yaliyomeremeta hata kuumiza macho. Wamboi alisimama akawatazama mbuzi wake pale juu ya kuta, wamegeuka mabati.

Alipomuuliza, Gachanja hakukana. Alikifunika kichwa kwa mikono miwili. "Ni kweli, dada. Shetani alinishika. Lakini tafadhali, usiseme na mtu. Jumapili nitaleta hii maneno kwa nuru, mbele ya wandugu wote."

Na Wamboi, hata baada ya yote hayo, akaondoka amepungukiwa mzigo. Alijua jinsi mambo yalivyokwenda kwenye ushirika. Alikuwa amemwona mtu akitubu kuiba jembe, na jembe lenyewe limo mkononi. Jumapili ingefika, Gachanja angesema, angerudisha, na mambo yangeisha. Usiku alimwambia Ngendo apige pasi sare yake ya shule.

Jumapili ushirika ulijaa. Gachanja alisimama, na lazima tumpe haki yake, alitubu vizuri. Alilia. Alisema jinsi alivyoujua woga wa punda na akaufunika, jinsi alivyomnywesha kwa debe ili asipelekwe mtoni, jinsi alivyomdanganya mjane wa rafiki yake. Alisema damu imemwosha, na kwamba sasa moyo wake ni mwepesi. Wandugu wakalipuka kwa wimbo, wakamkumbatia mmoja baada ya mwingine, wanawake wakifuta machozi. Wamboi alikuwa amekaa mbele akingojea sehemu ya pili ya maneno. Gachanja akaketi.

Mzee Gathogo, aliyeongoza ushirika, akamgeukia kwa tabasamu. "Dada Wamboi, ndugu yako ametubu. Simama umsalimie."

Wamboi akasimama. "Nimemsamehe," akasema, na wakaanza kupaza sauti za shangwe, ikabidi aongeze yake. "Nimemsamehe, lakini pesa yangu je? Ngendo atatolewa shule. Arudishe."

Gachanja alitazama sakafu.

"Dada," Gathogo akasema kwa upole, "Bwana amezika, na wewe unafukua? Ndugu hana pesa sasa. Angalia usifanye pesa iwe mungu yako. Naona ni kama roho yako imeanza kupoa."

Na mtu fulani kule nyuma akaanzisha wimbo, wote wakaudaka, wakauimba juu ya sauti yake mpaka yeye mwenyewe hakujisikia. Hapo ndipo Wamboi alipoona kwamba ameibiwa mara ya pili. Mara ya kwanza Gachanja alichukua pesa. Sasa alikuwa amechukua hata haki yake ya kukasirika. Mwizi alikuwa ameketi mweupe kama pamba, na mwenye dhambi katika nyumba ile alikuwa ni yeye. Aliumia kuliko siku alipomzika Wainaina, kwa sababu waliomuua Wainaina hawakuwahi kumwita dada.

Gachanja akaja na kumkumbatia mbele ya watu wote. Yeye akasimama tu, mikono imening'inia, mpaka alipoachiliwa.

Wamboi aliwauzia punda watu wa machimbo ya mawe. Walipomuuliza ana kasoro gani, aliwaambia yote, mto na mafuriko na yule mwenzake aliyekufa, nao wakaitumia kasoro hiyo kushusha bei, ingawa wao hawakuwa na haja ya mto hata kidogo. Pesa ziliishia kwa fundi wa mkokoteni. Mwezi ulipokwisha, Wamboi alimkatia Ngendo mkanda wa ngozi, akaulainisha kwa mafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na Ajwang akaendelea kupata maji yake.

Siku moja walikuwa wanapanda kutoka mtoni, mama mbele na binti nyuma, wote wameinama. Juu ya mteremko walikutana na Gathogo na wandugu kadhaa wakienda kuwaombea wagonjwa, Gachanja miongoni mwao. Wandugu walisimama kando kuwapisha. Ngendo, kwa adabu aliyofundishwa, alisalimu, "Wimwega, baba," bila kuweza kuinua uso. Gachanja aliona ule mkanda kichwani mwa mtoto wa Wainaina. Labda alisikia haya, labda alikumbuka tu kwamba Gathogo anatazama. Mimi sikuingia moyoni mwake. Alinyoosha mikono yote miwili ili auchukue mtungi wa msichana.

"Mwache, ndugu," Wamboi akasema bila kusimama. "Wewe ulishasamehewa, huna mzigo tena. Huu ni wetu."