Mlango wa Shule Jikoni kwa Bibi

Juzi tulibomoa jiko la uani la marehemu bibi, pale Bunju, ili mjukuu wangu apate pa kuegesha bodaboda yake. Fundi alipong'oa mlango akauliza kama autie kwenye kuni. Nikamwambia, subiri kwanza mwanangu, huo mlango ni wa shule.

Enzi hizo huku kulikuwa na mikorosho na mihogo tu, na kwenda mjini ilikuwa safari ya kuaga watu. Shule yetu waliijenga wazazi wenyewe, madarasa mawili ya miti, udongo na makuti. Kila nyumba ilitoa kitu. Mzee wa duka, Mwarabu aliyetuuzia sukari kwa kikombe, alitoa mbao za makasha ya chai. Tukazipaka makaa ya betri kuukuu, zikawa ubao. Bibi hakuwa na cha kutoa, akatoa mlango wa jiko lake. Tangu hapo jiko likafungwa kwa gunia, na mbuzi wa jirani wakaijua saa ya ugali kutushinda sisi.

Mwalimu alikuwa mmoja, mtu wa bara, akifundisha darasa hili huku akilifokea lile kupitia dirishani. Saa nne tulikula mihogo ya kuchemsha kutoka shamba la shule, ya moto hadi tunairusha mkono huu na huu.

Siku moja akaja afisa elimu. Akasema shule ndogo zinaunganishwa, tutahamia shule kubwa ya barabarani, ng'ambo ya bonde linalojaa maji kila masika. Wazazi wakalalamika kwamba hawakuulizwa. Akajibu kuwa serikali haiombi ruhusa kusomesha watoto wake.

"Watoto wake?" bibi akadakia. "Baba, ulikuwepo tukizaa?"

Watu wakacheka, lakini afisa aliondoka na uamuzi wake. Ndipo bibi akatoa hoja iliyotumaliza: "Wamesema wanachukua watoto. Mlango wangu hawakuutaja." Kabla ya adhuhuri alishaung'oa. Mzee wa duka kuona vile akabeba ubao wake, akaufanya meza ya kupimia unga. Wengine wakafuata makuti, madawati, hata rimu la gari lililokuwa kengele. Sisi watoto tulibeba huku tukiimba. Sijaona tena kijiji kikishirikiana vile.

Wiki iliyofuata afisa akarudi na mkubwa wake. Kumbe mwalimu alikuwa amekwenda mjini kututetea, akaisifu shule hadi mkubwa akataka kuiona kwa macho. Akakuta nguzo na kuku.

"Mwalimu, shule iko wapi?"

Mwalimu, kwa heshima zote, akamzungusha nyumba kwa nyumba. "Mheshimiwa, mlango ndio huu. Ubao ule pale, una unga." Mkubwa alicheka hadi akashika ukuta. Akasema Jumatatu akikuta shule imesimama, inabaki.

Kazi ilikuwa ndogo, ila kila mtu alingoja mwenzake aanze. Bibi hakutaka kurudia gunia lake bure. Akanituma nikachungulie kama mzee wa duka amerudisha ubao. Njiani nikakutana na mwanawe, naye katumwa kuchungulia mlango wetu.

"Nyie mmerudisha?"

"Bado. Na nyie?"

"Bado."

Tukacheza gololi hadi jioni, kisha kila mmoja akaenda kwao kusema kweli tupu. Imenichukua uzee kutambua kwamba uongo mmoja tu, "wamerudisha", ungeiokoa shule.

Jumatatu mkubwa hakucheka. Masika yale tulivuka bonde kaptula zikiwa kichwani. Mdogo wangu wa kike bibi alimzuia hadi maji yapungue. Yalipopungua alishazoea kukaa nyumbani, hakurudi tena darasani. Hadi leo ananiletea meseji zake nimsomee, na mimi huzisoma polepole.

Jana tuliufunga mlango kwenye bodaboda, mjukuu akanipeleka ilipokuwa shule. Siku hizi pana kituo cha mafuta. Kijana wa pampu akatutazama.

"Shikamoo babu. Mnauza mlango?"

"Marahaba. Hapana mwanangu, tunarudisha."