Mwanafunzi Marehemu wa Lihangweni

Mwezi wa Juni mwaka 1911, Kunegunda Tawete wa Lihangweni alibebeshwa mawe ya barabara siku nne kwa sababu mwanawe Romwaldi hakuhudhuria somo la hesabu. Romwaldi alikuwa na udhuru. Alikuwa amekufa kwa njaa miaka minne kabla, na kaburi lake liko nyuma ya nyumba ya mama yake, mahali ambapo askari waliotumwa kumkamata mama huyo waliketi kupumzika.

Kosa lilianzia kwenye daftari. Mwaka uliotangulia, akida, mtumishi wa serikali ya Wajerumani, alifika kijijini, mwendo wa asubuhi moja kutoka Songea, akaagiza kila nyumba itaje jina la mtoto mmoja wa kiume. Hakusema majina ni ya kazi gani. Wazazi wa Lihangweni walikuwa wameona majina yakiandikwa mara tatu: ya walipa kodi, ya wapagazi, na, baada ya Vita vya Maji Maji, ya watu wa kunyongwa. Hawakuwahi kuona orodha iliyomletea mtu heri. Basi, kwa heshima zote, wakamtajia watoto waliokufa, kwa kuwa mtoto aliyekufa hashikwi. Akida aliandika majina kumi na tisa, akausifu utiifu wao.

Ilikuwa orodha ya shule. Asubuhi ya kwanza mwalimu aliita majina yote kumi na tisa, na hakuwapo mtoto hata mmoja. Wazazi wakaanza kupelekwa barabarani kwa zamu, kwa kosa la utoro wa watoto wao.

Zamu ya Kunegunda ilipokwisha, hakwenda kwa akida kuomba msamaha kama wenzake. Alikuwa na mtoto mwingine, Tadei, wa miaka kumi na miwili, ambaye alikuwa amemficha kwa mjomba wake. Kule barabarani alikuwa ameamua jambo moja: nyumbani mwake awepo mtu atakayeweza kusoma yanayoandikwa juu yake. Akaenda shuleni. Mwalimu Salum, kijana wa pwani, alikuwa amekaa peke yake darasani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimetoka barabarani. Nataka kujua nilibebea nini mawe."

"Kwa ajili ya Romwaldi. Ni mtoro."

"Amekufa."

Mwalimu alifungua daftari, akalitazama kwa makini. "Humu haikuandikwa hivyo."

"Hapa mnafundisha nini?"

"Kusoma, kuandika na hesabu."

"Mkimaliza, watoto mnawapeleka wapi?"

"Kwao. Saa nane."

"Hamwapeleki pwani?"

"Mama, mimi mwenyewe natamani nipelekwe pwani. Hakuna anayenipeleka."

Kunegunda aliuliza kwa nini wazazi hawakuambiwa hayo. Mwalimu alijibu kwamba kazi yake ni kufundisha watoto. Kuwaambia wazazi ni kazi ya akida. Baadaye ilijulikana kwamba akida naye aliamini ni kazi ya mwalimu. Kila mmoja alikuwa ameiheshimu kazi ya mwenzake kwa muda wa mwaka mzima.

"Na shamba lile la pamba hapo nje, ni la nani?"

"La shule. Watoto watalima siku mbili kwa juma."

"Atakayevuna ni nani?"

Mwalimu alikohoa. "Hilo kamuulize akida."

Kunegunda alizunguka nyumba nyingine zote kumi na nane, akieleza kwa Kingoni saa ya kuingia, saa ya kutoka, mambo yanayofundishwa, na swali la pamba ambalo halikujibiwa. Shemeji yake Athanasi, aliyekuwa ametumikia barabarani mara mbili, alimsikiliza huku akichonga mpini.

"Shemeji, jua la barabarani limekuingia kichwani."

"Wewe lilikuingia mara mbili, na huna la kueleza."

"Na wakiwachukua?"

"Nenda ukakae pale mlangoni uone. Sikwambii uniamini. Nakwambia ukatazame."

Athanasi alikwenda, akatazama siku tatu, akapeleka mwanawe. Wengine wakafuata, naye Kunegunda akamtoa Tadei mafichoni, akampeleka. Kunegunda akawafundisha pia namna ya kumsaidia mtoto kujifunza, ingawa yeye mwenyewe hakujua herufi hata moja. Kila jioni, kabla ya ugali kusongwa, alitandaza unga wa ulezi juu ya ungo, akamwambia Tadei aandike kwa kidole aliyofundishwa. Kisha alichukua ungo wa pili, akamwambia aandike tena bila kutazama wa kwanza. Maandishi yakitofautiana, mtoto hajaelewa, na kesho yake atamuuliza mwalimu. Unga haukupotea, ulipikwa. Baada ya miezi miwili nyungo zilikuwa zikitandazwa kijiji kizima.

Basi darasani wakawa watoto kumi na tisa walio hai, na daftarini watoto kumi na tisa waliokufa. Wazazi walimwomba akida abadilishe majina. Akida alijibu kwamba nakala imekwisha kupelekwa bomani, na kilichofika bomani hakina kosa. Ni rahisi zaidi watoto wabadilike. Nyumba kumi na nane zilipika pombe ya ugimbi, zikawaomba mizimu radhi, zikawarithisha watoto majina ya marehemu kwa utaratibu wa mila. Kunegunda hakuweza. Kwa desturi ya nyumba yao, ndugu wa tumbo moja hapewi jina la nduguye. Jina hilo humngojea mjukuu.

Kwa hiyo, kwa miaka miwili, kila asubuhi liliitwa jina la Romwaldi, na mwalimu akaandika kwamba hayupo. Tadei alikaa mstari wa mbele, hakuitwa. Kila mwezi mama yake alitumikia siku moja barabarani kwa ajili ya mtoro, na mwanawe mwingine akiwa darasani.

Mwezi uliopita ulifanyika mtihani. Tadei alikuwa wa kwanza. Hati ikaandikwa jina la Romwaldi, ambaye kwa daftari hilohilo hakuhudhuria hata siku moja. Shule ya juu inafunguliwa Januari, wala haipokei mtu asiye na hati yenye jina lake. Kunegunda aliirudisha hati kwa akida.

"Huyu hawezi kwenda," alisema. "Anayeweza yuko nje."

Akida alimjibu kwamba mzazi mwenye shukrani angefurahi kuwa mtoto wake mmoja amefaulu.

Bwana akida, na ninyi mabwana wa bomani mnaolikagua daftari lake, mimi ninayesimulia haya nawaomba: futeni jina la marehemu Romwaldi, mwandike Tadei, na hati yake itoke kabla ya Januari. Kisha lileteni daftari hilo Lihangweni, mlisome kwa sauti mbele ya wazazi, kwa lugha yao, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na kurasa za hesabu ya pamba.