Mfereji Katika Programu ya Mpunga

Mimi ni wa Iringa, kwetu mahindi, na kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta katika chumba nilichopanga Mbeya mjini. Ya mpunga nilikuwa siyajui. Hilo halikunizuia kukubali kazi ya mashine ya kukoboa kule Ubaruku, maana mimi nikiombwa kitu husema ndiyo kwanza, kujifunza baadaye.

Mwenye mashine alitaka programu ya kuamua mpunga wa nani umekauka na uingie kukobolewa. Siku zote kazi hiyo aliifanya msimamizi wake, mama mmoja Msangu wa pale pale, kwa jino. Alichukua punje, akaing'ata. Ikivunjika kwa mlio, koboa. Ikibonyea, rudisha kwenye turubai. Mpunga mbichi ukikobolewa hutoka chenga tupu, na msimu wa mtu umekwenda hivyo. Sasa mwenye mashine alikuwa amenunua kipimo cha unyevu, na alisema wazi kwamba programu ikifanya kazi, mama atapumzika nyumbani. Mama alilisikia. Mimi pia nililisikia, nikaendelea kuandika.

Nilitumia lugha ya zile zinazojenga programu kwa vitendo vidogo vidogo, kila kimoja kikipokea kitu na kutoa kingine. Nilivipa vitendo majina ya Kiswahili ili wenye kazi waelewe. Lakini niliviandika mabano ndani ya mabano: koboa, ndani yake chuja makavu, ndani yake pima, ndani yake unganisha. Kuisoma inabidi uanzie katikati kabisa, utokee nje. Nilimpa mama karatasi, akasoma neno la kwanza.

"Mwanangu, mbona unakoboa kwanza?"

Nilimweleza, akanisikiliza kwa adabu, kisha akaiweka karatasi chini ya chupa ya chai. Nilikasirika, nakiri. Nilijiona msomi niliyedharauliwa.

Lugha ile ina alama moja ndogo, kijistari chenye kishale, inayopokea kilichotoka kwenye kitendo cha juu na kukipeleka kwenye kinachofuata. Wenzangu huiita sukari, kwa sababu bila hiyo chai bado inanyweka. Mimi huiita mfereji, tangu nilipoona kule Mbarali maji yanavyotoka jaruba moja la mpunga na kuingia jingine. Nikaiandika programu upya kwa mfereji, kwa majivuno tu. Kazi yake sikuibadilisha hata chembe. Kila kitendo kilikaa kwenye mstari wake, juu kwenda chini, na nilipoitazama niliipenda kweli.

Siku ya majaribio mwenye mashine alikwenda Chimala, akasema akirudi akute kompyuta inaamua. Mteja wa kwanza alikuwa mjane mwenye magunia matano, mavuno yake yote. Nikaingiza vipimo. Kioo kikasema: tayari. Mama akaomba karatasi mpya.

"Chukua magunia," alisoma, kidole kikishuka. "Unganisha. Pima. Chuja makavu. Koboa." Kidole kikarudi mstari wa pili. "Unaunganisha kabla hujapima?"

"Ndiyo, mama. Kwetu ndivyo tunavyofanya."

Na ni kweli. Kwetu mahindi ya nyumba nzima hupukuchuliwa yakamwagwa rundo moja, ndipo mtu anatia mkono kuona kama yamekauka.

"Hayo mahindi," alisema mama. "Huyu mwenzangu ana majaruba mawili, moja liko bondeni, mpunga wake huchelewa kukauka. Njoo."

Aling'ata punje za magunia manne, zikalia zote. Ya gunia la tano alinipa mimi. Ikabonyea kimya. Wastani wa yote matano ulikuwa umelificha lile bichi moja, nami nilikuwa karibu kuyamwaga yote mashineni. Mjane alikuwa amesimama pale pale, ananitazama mdomo. Niliona aibu ambayo sijaisahau.

Nikaushusha mstari wa unganisha, ukakaa chini ya chuja makavu. Basi. Kioo kikasema: manne koboa, moja anika. Kosa lile nilikuwa nimelipitia mara nyingi ndani ya mabano bila kuliona. Mama aliishia darasa la saba, hajawahi kuandika programu, na alilikamata kwa kusoma mara moja, kwa sababu alama ile ndogo ilipanga mambo kama yanavyotokea. Aliyeibuni, popote alipo, namheshimu. Na mtu akiniambia ni sukari tu, siku hizi tunagombana.

Kabla mwenye mashine hajarudi niliongeza mstari mwingine mwanzoni: ng'ata. Mstari huo hauhesabu chochote. Unasubiri mama ang'ate punje ya kila gunia na kubonyeza ndiyo. Mwenye mashine aliusoma, akauliza kama unaweza kuondolewa. Nikamwambia bila huo programu haitakwenda.

Ni kweli haiendi. Nilihakikisha mwenyewe, nilipouandika.