Mfuga Maji wa Tunduma

Kabla sijafuga samaki nilifuga maji. Ndivyo walivyosema majirani wa ua wetu pale Tunduma, na kweli ndicho nilichokuwa nikifanya.

Niliacha shule mapema, nikaanza kuzunguka. Nilichuma kahawa Isansa, nikapakia chokaa upande wa Songwe, nikawa utingo wa lori, nikauza betri na tochi mpakani. Kila kazi niliifanya mpaka nikaelewa inavyokwenda, halafu nikaondoka. Mke wangu alikulia milima ya Ileje, katika nyumba aliyoijenga babu yake. Alikuwa akiwaambia wenzake kwamba ameolewa na mtu ambaye mali yake yote imo katika begi lenye mkanda wa begani.

Samaki wenyewe niliwaona kwenye lori. Wakati huo niliwasaidia madereva wa Zambia kutafuta mawakala na kulinda mizigo wakiwa kwenye foleni ya forodha. Mmoja wao, mzee wa Mpulungu mwenye kofia ya sufu, aliwahi kufanya kazi ya kukamata samaki wa mapambo Ziwa Tanganyika. Kila safari alibeba ndoo yenye samaki wadogo wa hoteli moja ya Mbeya, na pampu ndogo ya hewa ikinguruma pembeni kwa umeme wa betri ya lori. Siku aliyonifunulia kifuniko nilisahau mizigo niliyokuwa nalinda. Walikuwa wembamba kama kidole, mistari myeusi kutoka puani hadi mkiani, mapezi yamezungushiwa buluu kama upindo wa kanga. Nilimuuliza maswali mpaka akacheka.

"Nitakuletea wawili," akasema. "Dume na jike. Lakini mimi simpi mtu samaki, nayapa maji. Maji yakiwa tayari, wataingia."

"Maji yapo, mzee."

"Ya kunywa yapo. Ya samaki yanatengenezwa. Utakaa na sanduku tupu wiki nyingi, na watu watakucheka. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Mke wangu, nilipomsimulia, akauliza tu, "Wewe? Ukae?"

Vioo nilivipata kwa fundi madirisha, vile vipande vinavyobaki. Mara ya kwanza nilivigandisha kwa puti ya kuzibia madirisha, na sanduku likamwaga maji yote juu ya mkeka wa mke wangu. Mara ya pili nilitumia silikoni, nikaiacha ikauke vizuri, nikalijaza nikakaa mbele yake na kitambaa kikavu mkononi nikipapasa kila kona. Halikutoa hata tone. Nikaita ua mzima waje waone. Walikuja, wakatazama, wakaniuliza samaki wako wapi.

Mawe nilikwenda kuyaokota kule kule nilikopakia chokaa. Mzee wa Mpulungu alisema maji ya ziwani kwao yanapenda chokaa, na mimi tangu enzi za kupakia nilijua kuwa jiwe la chokaa ukilikamulia ndimu linatoa povu. Nikazunguka na ndimu mfukoni kama mganga, nikichagua yanayochemka. Nikayapanga yawe mapango, maana alisema samaki hawa hawaishi bila mlango wa kujificha. Nikaweka pampu ya hewa niliyoipata Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na kipande cha sponji cha kuchujia uchafu.

Kisha, kwa maelekezo yake, nikaanza kulisha maji matupu. Kila siku nilisaga dagaa kidogo nikanyunyiza. Dagaa wanaoza, alisema, wanatoa sumu, na baadaye vinazaliwa vitu visivyoonekana kwa macho ambavyo vinakula ile sumu. Vikiwa vingi vya kutosha, samaki wanaweza kuishi.

Sasa mfikirie mtu anayefanya hivyo Tunduma wakati wa kiangazi. Bomba lilitoa maji siku moja, likanyamaza siku kadhaa. Watu walivuka hadi Nakonde na madumu kwenye baiskeli. Na chumbani kwangu palikuwa na sanduku la maji linalotoa mapovu, limegeuka maziwa, linanuka, na mimi nalilisha dagaa.

"Bwana mifugo," fundi cherehani wa chumba cha mkabala aliniita kila asubuhi, mguu ukiwa kwenye pedeli, "maji yako yameshazaa?"

"Yana mimba, fundi."

"Pacha?"

Mama mwenye nyumba, mjane aliyekuwa akiuza mchele sokoni, hakutania. "Baba, mimi nimepangisha binadamu," aliniambia. "Siku ukiniuzia ndoo moja ya hayo nitakuelewa."

Mzee wa Mpulungu alipita na kichupa chake cha dawa. Alichota maji kidogo kwenye gilasi nyembamba, akadondosha matone. Yakibaki manjano, hakuna sumu. Yakigeuka kijani, samaki atakufa. Yaligeuka kijani kama jani la mgomba. Safari iliyofuata yakawa kijani tena, ila hafifu. Maji yalikuwa yameanza kung'aa, na mawe yamevaa utando wa kahawia, unateleza ukiugusa. Mke wangu alitaka kuyasugua kwa mchanga na sabuni kama wanavyosugua sufuria kwao. Nilisimama mlangoni asiyatoe nje.

"Safari ijayo nakuja na samaki," mzee akasema. "Matone yakikataa, wote wanakwenda Mbeya, na hoteli wameniomba niwapelekee jozi zote zinazopatikana. Sitapata nyingine haraka."

Siku chache kabla hajafika, mama yake fundi cherehani akafariki. Bomba lilikuwa kavu. Watu wanajaa uani, masufuria yanasubiri kuoshwa, na kaburi linahitaji sementi ya kuchanganya. Pale kwetu msiba ukiingia uani, kila mlango unatoa maji yake, hata kama ni dumu la mwisho. Hakuna anayeombwa mara mbili, na anayenyima hasemwi; watu wanaacha tu kumwamkia.

Mama mwenye nyumba alisimama kizingitini na ndoo mbili. Hakuangalia uso wangu, aliangalia sanduku. "Ya kupikia yametafutwa," alisema taratibu. "Haya ni ya kuoshea vyombo na ya sementi."

Mke wangu alisogea kando, akanitazama. Nadhani alikuwa akisubiri kuona ameolewa na nani.

Nilichukua ndoo moja mkononi mwake nikaanza kuchota mwenyewe. Nilipokuwa nachota, mkono ukagusa jiwe, na ule utando ukanikumbusha kitu. Vitu vinavyokula sumu lazima viwe na mahali pa kushika. Maji yalitembea tu kutwa nzima kwa nguvu ya pampu, lakini utando haukusogea. Basi huenda vyenyewe vilikaa kwenye mawe na kwenye sponji, wala si kwenye maji. Sikuwa na uhakika, lakini niliacha maji ya kimo cha kiganja chini, nikalaza mawe yote humo, nikarudisha sponji na pampu ikaendelea kunguruma. Yaliyobaki yote yakaenda msibani.

Msiba ulipoanuliwa, bomba likatoa. Fundi cherehani alianza kurudisha vitu vya watu: viti, turubai, sufuria kubwa. Alipofika kwangu alikuwa amebeba ndoo kichwani, na nyuma yake ndugu zake kila mmoja na yake.

"Bwana mifugo," alisema, macho bado mekundu, "nimekuja kulipa ng'ombe wako."

Wakamimina mmoja mmoja, polepole, kwenye sahani niliyoilaza juu ya mawe ili utando usibanduke. Mama mwenye nyumba akaleta ya mwisho. Sanduku likajaa hadi ukingoni.

Mzee alifika kesho yake. Nilimweleza yote. Akadondosha matone, yakabaki manjano, nami nikaruka.

"Kaa chini," akasema. "Maji mapya lazima yawe manjano. Haya hayajaniambia kitu." Alichukua dagaa aliyesagwa, akanyunyiza zaidi ya nilivyowahi kunyunyiza mimi, kisha akaongeza matone machache kutoka kichupa kingine, ile sumu yenyewe, yenye harufu kali kama mkojo wa farasi. Tukapima papo hapo: kijani kibichi. "Lori langu linatoka forodhani kesho. Kama walaji wako hai, watakuwa wamemaliza."

Kesho yake habari ilikuwa imeenea. Fundi alifunika cherehani. Mama mwenye nyumba hakwenda sokoni, akavuta stuli yake mpaka ndani ya chumba changu bila kuomba ruhusa. Mzee akachota, akadondosha, akatikisa gilasi, akaiinua kuelekea dirishani. Tukasubiri rangi ibadilike.

Haikubadilika. Manjano, safi, kama mafuta ya alizeti.

"Amenshi ayasuma," mzee akasema kwa lugha yake, halafu akatutafsiria, ingawa sura yake ilitosha. "Maji mazuri."

"Yamejifungua," fundi akasema, na ua mzima ukacheka, na mimi nikacheka mpaka nikashika meza.

Mzee alivua kofia, akafuta jasho la kichwa, akatoka kwenda kwenye lori kuchukua ndoo. Mama mwenye nyumba alisogeza stuli karibu zaidi na kioo. "Nisogezeeni hilo pazia," akaamuru. "Watakaa upande gani?"

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa akitazama lile sanduku zito, lililojaa, juu ya meza ya miguu minene, kitu ambacho hakuna mtu duniani angeweza kukitia begani akaondoka nacho.

"Begi lako," akaniambia, "nitalifanya la kuwekea vitunguu."