Paka wa Bosi

Wenzake walimwita Mama Panya, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Miaka saba alitega mitego kisiwani, mpaka panya wa mwisho akanasa, na ndege wasioruka wakaanza tena kutaga chini ya vichaka. Tangu hapo, kila mzigo wa kwenda kisiwani ulifunguliwa kwanza mbele yake, katika chumba chenye sakafu nyeupe, ili hata kinyesi cha panya kisimpite. Mchele wa mumewe mwenyewe aliumwaga wote akauchambua.

Asubuhi hiyo bosi wake aliingia na kikapu kilichofunikwa kitambaa.

"Fungua."

"Ah, mama, hata mimi?"

"Hata wewe."

Ndani alikuwa amejilaza paka. Bosi akacheka. "Panya wakithubutu kurudi, watamkuta huyu. Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Damu ikamchemka Mama Panya. "Apone? Ndege wale hawajui kukimbia! Akija wa kuwala, wanamkodolea macho tu. Nimeng'atwa, nimeugua, nimekosa maziko ya mama yangu kwa ajili ya mitego ile, halafu wewe unaniletea paka kwenye kikapu? Una akili kweli?"

"Punguza jazba, mama. Ni paka mmoja tu."

Mama Panya akampapasa paka tumbo. Kisha akaukamata mkono wa bosi, akaubandika palepale, mpaka bosi akahisi vitu vikicheza ndani.

"Haya," akamwambia. "Hebu hesabu tena."