Hekalu la Yun-hsin na Kizingiti Kisichokanyagwa

Saa mbili na robo asubuhi, Chiu Yun-hsin amepiga magoti mlangoni mwa hekalu dogo la mtaa wao mjini Tainan, kiganja kimoja juu ya jiwe, kingine kimeshika simu. Anapapasa taratibu, kama mama anayepima homa kwenye paji la uso la mtoto. Wazee waliokuja kuchoma ubani wanampita kando. Mmoja anainua mguu, anavuka kizingiti, kisha anageuka.

"Umepoteza hereni, binti?"

"Hapana, babu. Natazama mnapopita."

"Tunapita hapo hapo ulipokaa. Basi sogea kidogo."

Yun-hsin anacheka, anasogea, anapiga picha nyingine. Ni ya sitini na tatu tangu afike. Leo ni Alhamisi. Kesho saa nane mchana, hekalu alilolijenga kwa wiki kumi na moja litakubaliwa au litaondolewa.

Hekalu hilo halina jiwe hata moja. Limo ndani ya kompyuta, kwenye gemu ambalo kampuni yao ndogo inalitengeneza. Yun-hsin, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, ni msanii wa mandhari. Wenzake huchora mashujaa na mazimwi. Yeye hujenga mahali wanapopita: kuta, paa, ngazi, ndoo iliyosahaulika chini ya bomba. Kila kitu kina mbele, nyuma na ubavu, mchezaji aweze kukizunguka kama anavyozunguka meza ya nyumbani kwake.

"Mama aliniuliza kama kweli watu wananilipa nichore ndoo," anasimulia. "Nikamwambia ndiyo, Mama, na kutu yake pia."

Analipwa dola za Taiwani elfu arobaini na nne kwa mwezi. Binamu yake wa kiwanda cha vifaa vya kompyuta hupata karibu mara mbili, na hasahau kumkumbusha kila wanapokula pamoja sikukuu ya mwaka mpya. Yun-hsin humwongezea supu.

Shida ilianza wiki mbili zilizopita. Mkuu wa gemu, Lai Cheng-wei, alizunguka ndani ya hekalu lile kwa dakika tatu, akaweka chini kidude cha kuchezea.

"Ni zuri," alisema. "Lakini hakuna mtu aliyewahi kuishi hapa. Ni kama ukumbi wa harusi kabla wageni hawajafika. Nakupa mpaka Ijumaa ya wiki ya pili. Ikishindikana, mchezaji atatoka sokoni aende moja kwa moja mtoni, hekalu tutaliruka."

Yun-hsin akafanya ambacho wengi wangefanya. Akaongeza. Taa nyekundu za karatasi zikafika mia mbili na kumi na mbili. Akaongeza dhahabu kwenye nguzo na ukungu uani. Kompyuta ikaanza kukwama, picha ikawa inaruka kama mtu mwenye kwikwi, na hekalu likazidi kupooza.

"Nilikuwa natia chumvi kwenye mchuzi ambao shida yake haikuwa chumvi," anasema.

Jumatano saa sita mchana akaingia Shangazi Bi-hong. Huyu huwaletea chakula cha mchana, visanduku ishirini na sita vya wali, nyama ya nguruwe iliyopikwa kwenye soya, kabichi na yai la kahawia. Ana miaka sitini na minane na hapiti nyuma ya kiti cha mtu bila kuchungulia.

"Hapo ni wapi?"

"Hekaluni, Shangazi. Unapaonaje?"

"Pazuri. Watu wake ndio wananitia shaka."

"Bado sijaweka watu."

"Sasa kizingiti kakikanyaga nani?" Akasogeza kidole hadi kikakaribia kugusa skrini. "Tazama kilivyolika katikati, kama mgongo wa ng'ombe mzee. Wa huko hawakulelewa? Mimi nilichapwa kofi kwa kukanyaga kizingiti nikiwa na miaka minne, na shavu linakumbuka mpaka leo. Na huu mlango wa kati, mbona nao umechakaa? Wa kati ni wa miungu. Au miungu yenu siku hizi inavaa raba?"

Ofisi nzima ikacheka. Yun-hsin hakucheka. Alikuwa ameshika vijiti vyake hewani, yai likamponyoka likarudi kwenye wali.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo mno. Ipo programu inayozeesha vitu: unaipa mlango mpya, nayo inakwangua kila ukingo uliojitokeza, inafuta rangi, inatoboa vishimo. Kwa meza inafaa, kwa ngazi inafaa. Lakini kizingiti cha hekalu ni ukingo uliojitokeza ambao hakuna mguu ulioukanyaga tangu enzi za mababu. Watu huingia kwa mlango wa kulia, hutoka kwa wa kushoto, na kote huvuka kwa hatua ndefu.

"Miguu yangu inajua tangu utotoni," anasema Yun-hsin, akitikisa kichwa. "Lakini kazi niliiachia mikono, na mikono ikaiachia mashine."

Ndiyo maana leo amepiga magoti. Na kila anachokiona kinamfanya ajisemeshe peke yake. Juu ya kizingiti rangi nyekundu bado ni nene, tabaka juu ya tabaka. Mawe ya pande zote mbili ndiyo yaliyolika kama bakuli, la ndani zaidi ya la nje, maana huko ndiko mguu unakotua na uzito wote. Kwenye nguzo ya kando ya mlango, usawa wa kiuno, ipo sehemu inayong'aa, pana kama kiganja.

"Babu, hapa pamefanyaje?"

"Magoti, binti. Ukifika umri wangu, mguu hauinuki mpaka mkono ushike kitu."

Saa nne yupo kwenye kiti chake ofisini. Anang'oa taa, zinabaki tisa. Anafuta ukungu. Kizingiti anakirudishia rangi yake nene, na mawe ya pande zake anayachimba kama bakuli. Mlango wa kati anaufunga, anauachia vumbi lake. Mwanga wa mshumaa anaupitisha mlango wa kulia peke yake, utue kwenye lile bakuli la jiwe. Mwisho anaing'arisha nguzo, mahali pamoja tu.

Ijumaa saa nane mchana, Lai anaketi mbele ya skrini, kidude cha kuchezea mkononi. Wenzao wamesimama nyuma yake, Shangazi Bi-hong katikati yao, kreti ya visanduku vitupu mkononi. Hakuna mshale unaomwonyesha njia. Lai anavuka ua, anatazama huku na huku, anakata kulia. Anafika mlangoni.

Chini ya meza, mguu wake uliovaa kandambili unainuka kutoka kwenye zulia, unakaa hewani kidogo, unashuka mbele.

"Mguu wako, bosi," anasema Bi-hong.

Lai anainama kujitazama. Anacheka mpaka anavua miwani.

"Limepita," anasema. "Na huyu shangazi aandikwe kwenye orodha ya watengenezaji."

"Waandike na yai," anajibu Bi-hong. "Lilifanya kazi kuliko wengine humu."

Jumatatu Yun-hsin anaanza uchochoro wa nyuma ya hekalu. Safari hii, anasema, atautembea kwanza kwa miguu, asubuhi tatu mfululizo, kabla ya kugusa kompyuta. Gemu linatarajiwa kutoka mwakani, liuzwe hadi nchi ambazo yeye hajawahi kuzifikia, na hapo ndipo moyo wake ulipo.

"Nataka mtu wa mbali kabisa, asiyejua Tainan iko upande gani wa dunia, afike kwenye mlango wangu," anasema, huku akivuta kiti. "Asiambiwe lolote. Halafu mguu wake uinuke."